Jina Ambalo Mume Wangu Hakutaka Kulitamka

Mliniacha nikishuka kwenye feri pale Stornoway, tumbo la miezi sita mbele, sanduku moja mkononi, na mvua ya pembeni inanichapa usoni. Nyuma yangu nilikuwa nimeiacha Glasgow na yote mliyokwisha kuyasoma: nyumba iliyoungua, mimba mbili zilizoharibika, na kazi ya mume wangu Ewen iliyokwisha siku karakana ya meli ilipofungwa. Mbele yangu palikuwa na kwao, kijiji cha nyumba thelathini kwenye kisiwa cha Lewis.

Wengi wenu mmeniandikia mkasema nimeonewa vya kutosha. Ahsanteni. Ila leo nasimulia niliyoyafanya mimi, si niliyofanyiwa. Mkimaliza kusoma, sijui kama kuna atakayeniandikia tena.

Mama mkwe wangu, Dolina, alinipokea mlangoni. Usoni hakunitazama. Alitazama tumbo.

"Hilo ndilo la miezi sita?" akamuuliza Ewen, kana kwamba mimi sipo. "Mbona kama kameza kiazi?"

"Mtoto amekaa kwa ndani, mama," nikajibu.

"Wale wawili nao walikaa kwa ndani."

Ndivyo tulivyoanza.

Miezi mitatu sikufanya jambo likamfaa. Uji wangu wa shayiri ulikuwa maji. Moto wangu ulikuwa moshi. Nikikaa, mvivu, nikisimama, nataka kumuua mjukuu wake. Siku moja niliunguza samaki akaiinua sufuria juu, akawaonyesha majirani kupitia dirishani.

Aliyenifanya nisipande feri kurudi alikuwa baba mkwe, mzee Murdo. Mfumaji, mzee wa kanisa, na ndiye aliyekuwa akiwaongoza watu kuimba zaburi kila Jumapili. Alikuwa mpole mpaka kuku walimfuata. Alinitengea kiti kwenye banda lake la kufumia, lililoshikana na nyumba.

"Kaa hapa, mwanangu," aliniambia. "Mtambo huu una kelele. Mama yako hawezi kukusema akasikika."

Ni humo bandani nilimolipata lile jina.

Lazima niwaeleze shida yenyewe. Kwao mtoto wa kiume wa kwanza huchukua jina la babu mzaa baba. Basi wangu alikuwa tayari ni Murdo kabla hajazaliwa. Lakini kijiji kile kilikuwa na akina Murdo kumi na mmoja! Murdo wa Posta. Murdo Matege. Murdo wa Marehemu Murdo. Ukiita Murdo nje ya kanisa, nusu ya wanaume wanageuka, na nusu nyingine wanakasirika kwa nini hukuwaita wao.

Mimi nilitaka jina la nchi ile ile, la zamani, lenye mizizi, ila lisiwe limevaliwa na kila mtu mpaka limepauka.

Ewen alikuwa upande wangu. Tulikuwa tukitembea ufukweni huku tunayajaribu majina.

"Torquil," nikasema.

"Hilo la mbwa wa tajiri."

"Somerled."

"Mpaka ajue kuliandika atakuwa keshaoa."

"Farquhar?"

"Unataka shule nzima imuue?" Akacheka, akanishika mkono. "Tafuta wewe, Marsali. Lolote utakalolipenda, nami nitalipenda."

Wiki mbili kabla ya kujifungua, nikiwa nimekaa bandani, niliona herufi zimechorwa kwa msumari kwenye ubao wa chini wa mtambo. Zilikuwa kubwa na za kupinda, herufi za mtu anayejifunza kuandika. AULAY.

"Baba, huyu Aulay ni nani?"

Mzee Murdo hakuinua kichwa.

"Jina la kale," akasema. "La watu wetu wa zamani."

"Zuri! Sijawahi kulisikia kwa mtu hapa."

"Hutalisikia." Akaunga uzi uliokatika, vidole vikimkataa. "Majina yapo mengi lakini, mwanangu. Yapo mengi."

Nilidhani anazungumzia Murdo, kwamba ananionea haya kuniomba jina lake litumike. Nikatabasamu. Nikalifungia lile jina moyoni.

Mwanangu alizaliwa Alhamisi moja ya Machi, mzima, mwenye sauti kama king'ora. Ewen alilia waziwazi mbele ya wauguzi. Alimshika mtoto kama kashikishwa kioo.

"Nimepata jina," nikamwambia. "La watu wenu wenyewe. Aulay."

Niliona mikono yake inakaza. Akamrudisha mtoto kifuani pangu taratibu.

"Hilo hapana."

"Kwa nini?"

"Mwite Murdo. Mwite Torquil, lile la mbwa. Mwite lolote lililopo duniani, Marsali, sitasema neno. Hilo hapana."

"Ulisema nitakalolipenda utalipenda."

"Nilisema. Sasa nasema hapana."

"Basi nipe sababu."

Akanyamaza. Mume wangu alikuwa mtu wa kunyamaza. Niliolewa naye hivyo hivyo. Lakini siku ile, nikiwa na nyuzi za daktari mwilini na usingizi wa siku mbili machoni, kimya chake kilinipanda kichwani.

Kabla sijafungua kinywa nikamwona Dolina mlangoni, kikapu cha biskuti za shayiri mkononi. Alikuwa amesikia yote. Nikajikunja ningoje matusi.

Akaweka kikapu chini. Akaja, akamchukua mtoto, akamtazama muda mrefu.

"Aulay," akasema.

"Mama," Ewen akasema. "Mama, nakuomba."

"Mkeo amechagua vizuri." Hakugeuka kumtazama mwanawe. "Tangu aje hapa, leo ndiyo amefanya jambo la maana. Aulay. Nimekubali."

Ewen alichukua koti lake akatoka. Hakurudi mpaka siku ya kututoa hospitali.

Nyumbani, sikuamini. Mwanamke yule yule aliyeonyesha sufuria dirishani sasa alinipa kiti cha karibu na jiko. Alinipikia mchuzi wa kondoo. Alinitilia chai, akaikoroga sukari mwenyewe, akaniletea mkononi.

"Kunywa, binti yangu."

Binti yangu! Mimi niliyefiwa na mama nikiwa na miaka saba, niliyelelewa nyumba za watu kule Oban, sikuwa nimeitwa hivyo na mtu. Nilikunywa ile chai huku machozi yakinidondokea kikombeni.

Mtoto alipofika siku kumi, nilikwenda dukani kwa Peigi kununua sabuni. Peigi anauza kila kitu kijijini, na habari anagawa bure.

"Mmempa jina?" akauliza.

"Aulay."

Sabuni ikamtoka mkononi. Akaenda kufunga mlango wa duka.

"Dolina anajua?"

"Dolina ndiye kafurahi kuliko wote."

"Ewe mama wee," akasema Peigi, akakaa juu ya gunia la viazi. "Hawajakwambia. Mumeo hajakwambia?"

"Kuniambia nini?"

Basi akaniambia. Ewen, aliyeniapia kwamba ni mtoto wa pekee, alikuwa na mdogo wake. Miaka ishirini na sita iliyopita, mwezi wa Januari, Ewen akiwa na miaka tisa na Aulay mitano, Dolina alikwenda mjini kumzika dada yake. Baba aliwaacha watoto ndani, mlango wazi, akawaambia wasitoke, akaingia bandani kufuma. Ewen, mtundu, akamchukua mdogo wake wakaenda kucheza juu ya barafu ya ziwa nyuma ya nyumba. Barafu ikapasuka. Ewen akarudi peke yake.

"Dolina aliposhuka kwenye basi jioni hakuna aliyekuwa na ulimi wa kumwambia," Peigi akasema. "Alisimama mlangoni akawa anamwita. Aulay! Aulay, njoo ule! Kijiji kizima kinasikia. Tangu siku hiyo jina hilo halitajwi hapa. Na Dolina hajawahi kumbusu Ewen tena. Hata siku ya arusi yenu, ulimwona?"

Sikuwa nimemwona. Nilidhani alikuwa ananichukia mimi.

Nilirudi nyumbani mbio. Dolina alikuwa anamwogesha mtoto karibu na jiko, akiimba chini chini.

"Mama, kwa nini ulikubali?" nikamuuliza. "Peigi kaniambia. Ningejua nisingethubutu."

Akamfunika mtoto taulo. Aliponigeukia uso wake ulikuwa mtulivu kabisa.

"Miaka ishirini na sita," akasema, "huyo mumeo hajalitaja jina la mwanangu. Hakuomba radhi. Hakusema hata, 'Nilimshika mkono ukaniponyoka.' Nilimkuta amesimama jikoni hapa, nguo zimelowa, akafunga kinywa. Sasa atakifungua."

"Mama..."

"Atalitaja asubuhi akimwamsha. Atalitaja jioni akimwita ale. Mtoto akipotea kidogo tu, atalitaja kwa sauti, hapo mlangoni, niliposimama mimi. Kila siku ya maisha yake. Na mimi nitakuwa nimekaa hapa nasikiliza."

Nilimtazama mwanangu kwenye mikono ile, nikafikiri: mchukue, toka.

Kisha Dolina akasema, kwa ile sauti mpya, "Kaa basi, binti yangu. Chai yako inapoa."

Wasomaji wangu, hapa ndipo ninapotaka mnihukumu. Upande mmoja palikuwa na donda la mume wangu. Upande wa pili palikuwa na chai, kiti cha karibu na moto, na mtu wa kuniita binti yangu. Nilikaa. Nilikunywa.

Nikajipa na sababu. Nikasema amenidanganya miaka minne kwamba hana ndugu. Nikasema na akome.

Mtoto lazima aandikishwe kabla ya siku ishirini na moja kwisha. Ewen alikuwa amepata kibarua cha kutengeneza barabara upande wa kusini.

"Ningoje Jumamosi nirudi," akaniomba kwenye simu. "Tuzungumze kwanza. Kuna kitu nataka kukwambia, Marsali. Si cha kwenye simu."

"Sawa," nikamjibu.

Ijumaa asubuhi nilipanda basi na Dolina mpaka mjini. Karani, mama mmoja wa makamo, alivaa miwani.

"Jina la mtoto?"

"Aulay," akasema Dolina kabla yangu.

"Aulay! Jina la kikwetu kweli kweli, na halitumiki tena. Sijaliandika tangu nianze kazi." Akanitazama. "Baba yake amekubali?"

"Amekubali," nikasema. Sikutikisika hata ukope.

Ewen alirudi Jumamosi, nikamwekea cheti mezani. Alikisoma amesimama, buti zina matope. Akakikunja, akakirudisha mahali pake.

"Ulitaka kuniambia nini?" nikamuuliza.

"Hakuna tena," akasema.

Tangu siku hiyo mtoto akawa hana jina kinywani mwa baba yake. Alimwita "wewe mdogo." Alimwita "bwana mkubwa." Alimbeba, alimbembeleza, alimbadilisha nepi kuliko mwanamume yeyote wa kisiwa kile, lakini jina hakulitamka.

Dolina akaanza mchezo wa mezani.

"Nani analia huko chumbani?"

"Mtoto," Ewen anajibu.

"Mtoto nani?"

Kimya.

"Nimeuliza mtoto nani. Au katika nyumba hii kuna watoto wengi? Zamani walikuwa wawili, sasa sijui."

Na mkate anao yeye. Sahani ya viazi anayo yeye. Hampi Ewen mpaka ajibu. Hajibu. Anaondoka na njaa, na mzee Murdo anatafuna samaki wake wa chumvi kichwa chini, kama hasikii. Nilishangaa mzee yule mwema asimtetee mwanawe. Nikadhani naye hajamsamehe.

Siku moja Dolina aliuliza, "Mtoto nani?" na mimi nikacheka. Ndiyo. Nilicheka ili Dolina aone nacheka. Ewen akaniangalia mara moja tu, akainuka.

Ubatizo ukapangwa Jumapili ya pili ya Mei. Katika kanisa lao baba ndiye anayesimama mbele na mtoto mkononi, na baba ndiye anayelitaja jina kwa sauti watu wote wasikie. Hakuna karatasi, hakuna anayemsaidia. Dolina alijishonea gauni jipya. Alikwenda kwa mchungaji mwenyewe kuhakikisha ya kwamba jina litaulizwa kwa sauti ya juu, kwa sababu, alisema, masikio yake si mazima.

Masikio yake! Alikuwa anasikia kondoo akikohoa ng'ambo ya kilima.

Asubuhi ile Ewen alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, shati jeupe, tai haijafungwa.

"Usinilazimishe, Marsali," akasema. "Mwambie mchungaji naumwa. Tuondoke. Tutarudi Glasgow, nitafagia barabara."

"Kwa jina tu?"

"Si jina tu."

Nilikuwa nampigia mtoto gauni lake pasi. Nilisikia Dolina jikoni akituharakisha, nikasikia jinsi alivyosema "binti yangu, mtachelewa." Nikamgeukia mume wangu. Nasema haya ili nisiyafiche: maneno yafuatayo ni yangu, hakunifundisha mtu.

"Mmoja ulimwacha kwenye maji," nikamwambia. "Usimwache na huyu bila jina."

Rangi ilimtoka usoni kama mtu aliyefunguliwa bomba.

"Nani kakwambia nilimwacha?"

"Kila mtu anajua."

"Kila mtu," akarudia. Akaanza kufunga tai yake, taratibu, mpaka ikakaa sawa. "Haya. Mlete mtoto."

Kanisa lilijaa mpaka watu wakasimama nyuma. Hakuna aliyetaka kukosa. Kijiji kilichokaa miaka ishirini na sita bila kulisikia lile jina kilikuja kulisikia kutoka kwenye kinywa kile kile kilichofungwa siku ile. Peigi alikuwa amefika saa nzima mapema akapata kiti cha mbele.

Mzee Murdo alisimama mahali pake chini ya mimbari, akaanzisha zaburi. Sauti yake ilikuwa nzuri, niaminini. Watu wakamfuata kama mawimbi. Akakaa kwenye viti vya wazee wa kanisa, mikono magotini.

Ewen akaenda mbele na mtoto. Mimi nilikuwa benchi la kwanza, na Dolina ubavuni pangu, ameshika kiganja changu. Mkono wake ulikuwa wa moto.

"Jina la mtoto huyu ni nani?" mchungaji akauliza, kwa ile sauti ya juu aliyoombwa.

Ewen akafungua kinywa. Akakifunga.

Dolina akasogea mbele mpaka kwenye ukingo wa benchi. Nikamsikia anasema chini chini, "Sema. Sema. Sema."

"Aulay," Ewen akasema.

Sauti ilitoka kavu, lakini ilifika kila pembe. Dolina akavuta pumzi ndefu kama aliyekuwa chini ya maji. Akanibana mkono. Alikuwa anatabasamu.

Mchungaji akachovya vidole kwenye bakuli.

"Ngoja kidogo, mchungaji," Ewen akasema. "Nikishalitaja, nilimalize."

"Ewen, baada ya ibada tuta..."

"Nilikatazwa miaka ishirini na sita. Leo nimeambiwa niseme, basi nitasema."

Akampandisha mtoto begani. Hakumtazama mama yake. Hakunitazama mimi.

"Siku ile hatukutoka nyumbani kwa utundu," akasema. "Tulikuwa bandani, tunacheza chini ya mtambo. Aulay alichukua mkasi akakata nyuzi za mtande zilizokuwa mtamboni. Kitambaa kilikuwa karibu kwisha, kazi ya wiki nzima. Tukatolewa nje. Januari, bila makoti. Tukaambiwa tusirudi mpaka tuitwe."

Kanisani mtu akavuta kiti.

"Tulikaa ukutani mpaka Aulay akashindwa kufunga mdomo kwa baridi. Nikamwambia tukimbie kwenye barafu tupate joto. Hilo ni langu, silikatai. Barafu ilipopasuka nilimshika kofia. Kofia ikabaki na mimi. Lakini alikuwa bado juu, mchungaji. Alikuwa ameshika ukingo. Alikuwa ananiita."

Dolina aliniachia mkono.

"Nikakimbia nyumbani. Nikapiga mlango mpaka ngozi ya mikono ikachunika hapa na hapa. Nikalia, Aulay yuko majini, Aulay yuko majini. Mtambo ukasimama. Nikajua nimesikika." Akamweka mtoto sawa begani. "Nikangoja. Kisha mtambo ukaanza tena. Mlango ulikuwa umekomewa kwa ndani."

Mtoto akaanza kulia. Ewen akampiga piga mgongoni, polepole, huku anaendelea kusema.

"Baadaye nikaambiwa, wewe ni mtoto, mtoto husamehewa. Ukisema kingine mama yako atakufa. Nikanyamaza ili mama yangu asife."

Mchungaji alikuwa bado ameinua vidole, maji yanadondoka kwenye kapeti. Mimi nilitaka kusimama, nimfikie mume wangu, nipige magoti mbele ya kanisa zima.

Aliyesimama ni Dolina.

Alisimama na gauni lake jipya, akajishika kwenye ubao wa mbele. Lile tabasamu lilikuwa halijamwisha vizuri usoni, limebaki upande mmoja tu.

"Mlango ulikuwa wazi," akasema. "Niliambiwa mlango ulikuwa wazi."

Ewen akaendelea kumpiga piga mtoto mgongoni.

"Mimi nilikuwa mjini, namzika dada yangu. Nyumbani hapakuwa na mtu mwingine ila..."

Hakumaliza. Akageuka polepole kuelekea viti vya wazee wa kanisa. Wanaume waliokuwa wamekaa pale wakaanza kusogea, mmoja huku, mmoja kule, mpaka katikati akabaki mtu mmoja peke yake, kitabu cha zaburi kimefunguka magotini, uso mweupe kama sufi.

"Murdo," mama mkwe wangu akasema, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, sauti ndogo, ya msichana. "Ulikuwa unafuma?"